Waandishi wa Marekani na maneno yaliyochacha baada ya vita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa, mengi kutoka kwa wanafunzi wa fasihi, mengine kutoka kwa watu waliosoma riwaya moja wakabaki na dukuduku. Majibu mengine ni marefu, mengine nimeyakata. Anayetaka kujua nimeegemea wapi ataona mwenyewe.

Tunazungumzia vita gani, na waandishi gani?

Vita vya Kwanza vya Dunia. Marekani ilijiunga Aprili 1917, na bunduki zikanyamaza tarehe 11 Novemba 1918. Waandishi wanaotajwa zaidi ni vijana waliozaliwa miaka ya 1890: Ernest Hemingway, John Dos Passos, E. E. Cummings, F. Scott Fitzgerald, William Faulkner, Malcolm Cowley. Wapo waliowatangulia kidogo kwa umri, kama Ezra Pound na T. S. Eliot, ambao hawakwenda vitani lakini walizika marafiki. Pound alimpoteza mchongaji Gaudier-Brzeska mwaka 1915, na mwaka huohuo Eliot alimpoteza Jean Verdenal kule Dardanelles, Uturuki.

"Kuvunjika moyo" ndilo neno linalofaa?

Nalitumia kwa shingo upande. Aliyevunjika moyo alitaka kitu akakikosa, na kesho anaweza kujaribu tena. Yaliyowapata hawa yanakaribia zaidi kuzinduka. Wenyewe Waswahili tuna usemi unaofika pale pale: walivikwa kilemba cha ukoka. Kijana anasifiwa, anaitwa shujaa na mkombozi wa dunia, anapigiwa tarumbeta hadi bandarini. Halafu jua linawaka, ukoka unanyauka, naye anagundua kichwani hakukuwa na kilemba hata siku moja. Akishagundua, hamchukii aliyemvika peke yake. Anaanza kulitilia shaka kila sifa na kila neno kubwa atakalolisikia maishani.

Ufaransa ilipoteza watu karibu milioni 1.4. Marekani ilipigana miezi michache tu. Hao Wamarekani walikuwa wanalia nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa lina haki. Marekani ilipoteza wanajeshi wapatao 116,000, na zaidi ya nusu yao waliuawa na maradhi, hasa homa ya mafua ya 1918. Ukiweka mizani ya damu, Mmarekani hana la kumwambia Mfaransa wala Mserbia.

Lakini mizani ya damu haipimi kila kitu. Mfaransa aliona adui ameingia shambani kwake, hakuhitaji kuelezwa kwa nini anapigana. Mmarekani alihitaji kuelezwa. Vita vilikuwa ng'ambo ya bahari, na rais aliyevitangaza, Woodrow Wilson, alikuwa amechaguliwa tena Novemba 1916 kwa kaulimbiu kwamba amewaepusha na vita. Miezi mitano baadaye anawaambia dunia lazima iwe salama kwa demokrasia. Ili watu wageuke upesi hivyo, kulihitajika maneno mengi sana. Kwa hiyo vita vilipokwisha na mambo hayakuwa yalivyosemwa, kilichoanguka kwanza kilikuwa ni maneno. Kwa mtu ambaye maneno ndiyo jembe lake, hilo si jambo dogo.

Nani hasa aliyasambaza maneno hayo?

Serikali iliunda kamati ya habari Aprili 1917, ikaiweka chini ya mwanahabari George Creel. Mabango, filamu, magazeti, vipeperushi. Mbinu iliyonishangaza zaidi ni ya wasemaji wa dakika nne. Enzi hizo ukumbi wa sinema ulilazimika kusimama kidogo mtambo ubadilishwe mkanda, na pengo hilo lilichukua kama dakika nne. Basi anasimama bwana mmoja, labda mwanasheria wa mji au mwenye duka, mtu mnayemjua, anawahutubia kuhusu vita hadi picha irudi. Inakadiriwa walikuwa 75,000 nchi nzima. Umekuja kucheka na kichekesho chako, unaondoka na hotuba.

Kabichi iliyochachushwa, chakula chenye jina la Kijerumani, ikapewa jina la kabichi ya uhuru. Nikifika hapo darasani huwa nasimama kidogo. Neno uhuru, ambalo kwetu lina watu waliokufa nyuma yake, limebandikwa kwenye kabichi.

Na asiyeimba wimbo huo? Sheria ya 1917 ya kuzuia ujasusi, na nyongeza yake ya 1918, zilimfunga mdomo. Mwanasiasa wa kisoshalisti Eugene Debs alipewa miaka 10 jela kwa hotuba.

Hakuna aliyesema mapema?

Walikuwepo, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila mtu alidanganyika. Randolph Bourne aliandika makala mwaka 1917 akiwashutumu wasomi wenzake kwa kuikimbilia vita kwa furaha. Akakosa pa kuchapisha, akafa kwa mafua Desemba 1918, akiwa na miaka 32.

Kisha yuko Ellen La Motte, muuguzi, ambaye kwa maoni yangu anastahili kusomwa kabla ya wanaume wote wa orodha hii. Alifanya kazi katika hospitali ya uwanja wa vita nchini Ubelgiji, akachapisha The Backwash of War mwaka 1916, kabla Marekani haijaingia. Hadithi ya kwanza inamhusu askari aliyechoka, akajipiga risasi mdomoni, asife. Analetwa hospitalini mbio, gari likirushwa na mashimo ya barabara. Madaktari na wauguzi wanatakiwa kumponya kwa uangalifu wote, dawa za thamani zinatumika, mashuka yanabadilishwa. Kwa nini? Kwa sababu kujiua vitani ni utoro, na mtoro hupelekwa mahakama ya kijeshi akapigwe risasi. Wanamponya ili auawe vizuri. La Motte hapandishi sauti hata mara moja. Marekani ilipokuwa vitani, mwaka 1918, kitabu kiliondolewa sokoni.

Hawa waandishi walipigana kweli?

Wachache. Wengi waliendesha magari ya wagonjwa. Tangu kabla nchi yao haijaingia vitani, kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyetaka kuiona vita alijitolea kwenye vikosi hivyo, na Dos Passos na Cummings walipitia huko. Cowley aliendesha lori la risasi na mabomu kwa Wafaransa, na baadaye akaandika kwamba kazi ile iliwafundisha kuwa watazamaji: uko kwenye kifo lakini kifo si chako.

Hemingway alikuwa na miaka 18 alipojeruhiwa tarehe 8 Julai 1918 huko Fossalta di Piave, Italia. Alikuwa mtu wa Msalaba Mwekundu, na alichokuwa akigawa kwenye mahandaki ni chokoleti na sigara. Aliwaandikia wa nyumbani kwamba vidonda vilikuwa 227. Fitzgerald alivaa sare ya afisa lakini hakuvuka bahari, vita vikaisha akiwa bado kwao. Faulkner alijiunga na jeshi la anga la Uingereza huko Kanada, mafunzo hayajakwisha, vita vikaisha. Akarudi Mississippi na magwanda, anachechemea, anapiga chuku za ndege kuanguka. Watu humcheka kwa hilo. Mimi naona linafundisha: hata aliyeijua ladha ya uongo wa vita aliona hawezi kurudi kijijini bila uongo wake mwenyewe.

Ni kweli Cummings alifungwa na Wafaransa, waliokuwa upande wake?

Kweli. Rafiki yake William Slater Brown aliandika barua zilizowatia shaka wakaguzi, wote wawili wakakamatwa Septemba 1917. Kwenye mahojiano Cummings aliulizwa kama anawachukia Wajerumani. Jibu moja fupi lingemtoa pale akanywe chai. Alijibu kwamba hapana, anawapenda sana Wafaransa. Mhoji akamweleza kwamba haiwezekani kuwapenda Wafaransa bila kuwachukia Wajerumani. Akashikilia lile lile. Akapelekwa kwenye kambi ya La Ferté-Macé, akakaa kama miezi mitatu katika chumba kikubwa pamoja na watu wa kila taifa, wengi wao bila kosa linaloeleweka. Baba yake ilibidi amwandikie Rais Wilson. Kitabu kilichotoka humo, The Enormous Room cha 1922, kina vichekesho vingi kuliko unavyotarajia.

Kwa nini wanaitwa kizazi kilichopotea?

Ni neno la gereji. Gertrude Stein, Mmarekani aliyeishi Paris, alikuwa na gari la Ford lililomsumbua. Kama Hemingway anavyosimulia, fundi kijana aliyetoka vitani alishindwa kulitengeneza ipasavyo, mwenye gereji akamkaripia kwamba ninyi nyote ni kizazi kilichopotea. Stein akalichukua neno akawapachika kina Hemingway: ninyi mliokwenda vitani, hamheshimu chochote, mnakunywa mpaka mnakufa.

Hemingway aliliweka mwanzoni mwa The Sun Also Rises, 1926, likasambaa. Wengi hawaoni alichoweka chini yake: aya za Mhubiri, kwamba kizazi huenda na kizazi huja, nayo dunia hudumu. Alimweleza mhariri wake kwamba shujaa wa kitabu ni hiyo dunia inayodumu. Yaani alilileta neno la Stein ili alipinge, na watu wakalibeba kama bendera yake. Ndiyo hatari ya kunukuu.

Kuzinduka huko kunaonekana wapi kwenye uandishi wenyewe, mbali na mada?

Kwenye sentensi. Ukisoma nathari ya hadhara ya Marekani kabla ya vita utakutana na sentensi ndefu zenye heshima, zimejaa wajibu, utukufu na ustaarabu. Baada ya vita, kwa Hemingway hasa, sentensi inakuwa fupi, inataja kitu, inanyamaza.

Sababu yake anaisema mwenyewe katika A Farewell to Arms, 1929. Luteni Henry anamsikiliza mzalendo mmoja wa Kiitalia, na ndani ya moyo wake anaona haya. Maneno kama takatifu, tukufu na sadaka yamekuwa yakimtia haya siku zote. Ameyasikia kwenye mvua, kwa mbali, yakipigiwa kelele. Ameyasoma kwenye matangazo yaliyobandikwa juu ya matangazo mengine. Kitakatifu hajakiona. Hizo sadaka anazifananisha na machinjio ya Chicago, isipokuwa nyama yenyewe inafukiwa ardhini. Mwishowe, anasema, kilichobaki na heshima ni majina ya mahali: vijiji, mito, namba za barabara, tarehe.

Lakini mfano ninaoupenda ni mdogo zaidi. Katika Soldier's Home, hadithi fupi ya Hemingway, kijana Krebs amepigana Belleau Wood na Argonne, anarudi mji wake mdogo Oklahoma kiangazi cha 1919. Amechelewa, mapokezi yamekwisha. Mwanzoni hataki kusimulia. Akitaka kusimulia, hakuna wa kumsikiliza, kwa sababu mji umeshashiba habari za unyama na ukweli hauchangamshi tena. Ili asikilizwe anadanganya, mara mbili, na baada ya hapo vita vyake mwenyewe vinamtia kichefuchefu. Asubuhi moja mama yake anakaa naye mezani, anamwambia Mungu ana kazi kwa kila mtu, anamuuliza kama anampenda. Krebs anatazama mafuta ya nyama yanavyoganda sahanini. Hapo hakuna neno vita, hakuna neno huzuni. Mafuta tu, yanaganda. Mama analia, kijana anakanusha alichosema, wanapiga magoti, mama anasali kwa niaba yake. Nimewahi kuisoma hadithi hii kwa sauti mbele ya kundi la watu wazima na hakuna aliyeniuliza inahusu nini.

Na Dos Passos?

Three Soldiers, 1921, ndiyo riwaya iliyofungua mlango, ila kwangu kilele chake ni kurasa za mwisho za riwaya iitwayo 1919, iliyotoka mwaka 1932. Zinahusu mazishi ya askari asiyejulikana katika makaburi ya Arlington, 11 Novemba 1921. Maiti nne zilikuwa zimepangwa huko Châlons-sur-Marne, sajenti mmoja akachagua jeneza kwa kuweka maua ya waridi juu yake. Dos Passos anachanganya lugha ya bunge, lugha ya magazeti na sauti za wachaguzi wanaoambiana wahakikishe marehemu si mweusi, si Mwitalia, si Myahudi. Wanamvalisha nishani mahali ambapo kifua kingekuwa. Halafu mstari wa mwisho: Woodrow Wilson alileta maua. Haongezi neno.

Mbona orodha yako ni ya weupe watupu?

Kwa kuwa ndiyo orodha iliyozoeleka, na imezoeleka kwa makosa. Wamarekani Weusi wapatao 380,000 walitumikia jeshi, wengi wakipewa sepetu badala ya bunduki. Kikosi cha 369 kutoka Harlem, mtaa wa Weusi New York, kilikabidhiwa kwa makamanda wa Kifaransa, kikakaa mstari wa mbele siku 191, kikapewa nishani na Ufaransa. Tarehe 17 Februari 1919 kiliandamana New York kwa shangwe.

Miezi mitano baadaye, Julai 27, kijana mweusi aliyekuwa akiogelea Ziwa Michigan alipigwa mawe kwa kuvuka mpaka usioonekana wa ufuko wa weupe, akazama. Chicago ikawaka, watu 38 wakafa. Miji mingine pia, mwaka huohuo.

Sasa linganisha. W. E. B. Du Bois, msomi na mwanaharakati Mweusi, mwaka 1918 aliwaomba Weusi waweke kando malalamiko yao wafunge safu na weupe mpaka vita viishe. Mei 1919 aliandika kwamba tunarudi, tunarudi kutoka kupigana, tunarudi tukipigana. Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa mhudumu wa chakula kwenye treni alipotunga shairi lake la If We Must Die, mistari 14 ya kutokubali kufa kama nguruwe waliozungushiwa uzio. Krebs alikuwa na sahani ya mama yake ya kukaa mbele yake kimya. McKay hakuwa na nafasi ya kukaa kimya. Katika mazungumzo ya kizazi kilichopotea, tofauti hiyo husahaulika haraka mno: kuna waliokata tamaa na maneno makubwa, na kuna waliosema haya, maneno hayo mlituahidi sisi pia, tunayataka.

Kwa nini wengi walihamia Paris?

Fedha. Kabla ya vita dola moja ilikuwa faranga tano. Katikati ya miaka ya 1920 ilipita 20. Mwandishi maskini wa Marekani akawa na uwezo wa kula hotelini. Ongeza kwamba pombe ilipigwa marufuku kwao tangu 1920, na kwamba duka la Sylvia Beach, Shakespeare and Company, liliazimisha vitabu. Mengine ni mapambo.

Ni lazima uwe umeiona vita ndipo uiandike?

Hemingway alipenda watu waamini hivyo. Willa Cather alipopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1923 kwa riwaya yake ya vita, One of Ours, Hemingway alimbeza kwa barua kwamba vita vyake amevitoa kwenye sinema. Sawa. Ila sehemu inayosifiwa kuliko zote katika A Farewell to Arms ni mafungo ya Caporetto, jeshi la Italia liliporudi nyuma Oktoba na Novemba 1917. Hemingway alifika Italia mwaka 1918. Aliyaokota kwenye ramani, magazeti na midomo ya watu, akayaandika vizuri ajabu. Nyani haoni kundule.

Walibaki hivyohivyo maisha yote?

Hapana, na hasira ya wengi iliongezeka ilipopata anwani. Mwaka 1932 maveterani walikwenda Washington kudai posho waliyoahidiwa kulipwa mwaka 1945, wakafukuzwa na jeshi lao wenyewe tarehe 28 Julai. Mwaka 1935 mamia ya maveterani waliopewa kazi ya barabara kwenye visiwa vya Florida walikufa kwa kimbunga kambini. Hemingway, aliyeishi Key West jirani, alikwenda akaziona maiti, akaandika makala akiuliza nani aliwaua. Upande mwingine, mwaka 1940 mshairi Archibald MacLeish, ambaye mdogo wake rubani aliuawa 1918, aliwalaumu waandishi kwa kuwaacha vijana mikono mitupu mbele ya ufashisti. Ukishawafundisha watu kwamba kila neno kubwa ni uongo, watalitetea nini? Sijawahi kulijibu swali hilo nikaridhika.

Baada ya vita vilivyofuata?

Joseph Heller, aliyerusha misheni 60 kama mlenga mabomu, alitoa Catch-22 mwaka 1961. Kurt Vonnegut, mfungwa wa vita aliyenusurika mabomu ya Dresden, Ujerumani, mwaka 1945, alichukua zaidi ya miaka 20 kufikia Slaughterhouse-Five. Wa Vietnam ni habari ya siku nyingine.

Nianze na kipi?

La Motte, kisha Soldier's Home. Vyote ni vifupi.

Hemingway aliwinda Tanganyika. Je, kuna uhusiano wowote na sisi?

Alifika Mombasa Desemba 1933, akaugua kuhara damu, akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi kwa matibabu. Kutokana na safari ile alipata hadithi ya The Snows of Kilimanjaro, 1936. Humo mwandishi anakufa kwa kidonda kilichooza chini ya mlima, akikumbuka yote ambayo hakuyaandika, likiwamo tukio la afisa aliyenaswa kwenye waya utumbo umetoka, akiomba apigwe risasi. Kumbukumbu zote za vita humo ni za Ulaya na Uturuki. Lakini ardhi aliyolazwa ilikuwa na vita vyake: Salaita na Latema, upande wa Taveta, vilipiganwa mwaka 1916, na mizigo ilibebwa kichwani na wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu.

Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, inawasifu wapagazi hao kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno hayo yaliandikwa na Kipling, mshairi wa Kiingereza aliyempoteza mwanawe vitani huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915. Luteni Henry angepita hapo macho chini. Kikosi chenyewe cha wapagazi, kwa Kiingereza chake kilichopindwa na ndimi zetu, kilituachia jina la mahali: Kariakoo. Ukipanda daladala asubuhi utalisikia likiitwa na konda, na abiria wanasogea mlangoni na vikapu vyao.